Soko la Wajir: Kisa cha Amani Iliyotangulia Haki

Kila ninapowasimulia wanafunzi wangu wa gredi ya 8 kisa cha Wajir, mji wa Kenya ambako miaka ya 1990 wanawake wachache walianza kwa kulinda soko wakasaidia kuzima vita vya koo, sifiki mbali kabla mkono haujainuka. Swali ni lile lile mwaka baada ya mwaka: mwalimu, mbona hawakuwaita polisi?

Ni swali la mtoto mwenye akili timamu. Watu wanauana, mifugo inaporwa, maduka yanafungwa, na kitabu chake cha Maarifa ya Jamii kimemwambia kwamba raia akidhulumiwa huenda kituoni akaandikisha taarifa. Zamani nilikuwa nalijibu kwa sentensi mbili kisha naendelea na somo. Siku hizi nalisimamisha somo papo hapo, kwa sababu nimegundua kwamba anayelielewa swali hilo amekielewa kisa chote, na anayelikwepa atabaki na hadithi tamu ya akina mama waliopatanisha watu, basi.

Uchambuzi huu nawaandikia walimu wenzangu na wazazi ambao watoto wao wana umri wa miaka 12 hadi 15. Umri huo mtoto ameshajua neno "haki" na ameshaanza kuona kwamba watu wazima hulitumia wanavyotaka.

Mahali penyewe

Wajir iko kaskazini mashariki mwa Kenya, zaidi ya kilomita 600 kutoka Nairobi kwa barabara ya Garissa. Ni nchi ya ukame, ya wafugaji wa ngamia, mbuzi na ng'ombe, na mji wenyewe ulikua kwenye visima. Wakazi wengi ni Wasomali wa koo tatu kubwa, Ajuran, Degodia na Ogaden, pamoja na koo nyingine ndogo. Mfugaji huhama kufuata mvua, kwa hiyo mipaka ya utawala iliyochorwa na wakoloni, kwamba ukoo huu uchunge hapa na ule pale, ilikuwa imeshazua ugomvi kabla Kenya haijapata uhuru.

Sasa nirudi kwa polisi. Mwaka 1962, tume iliyotumwa na Waingereza iliona kwamba wengi katika eneo hilo walitaka kuungana na Somalia. Uingereza haikukubali. Desemba 1963, mwezi ule ule wa uhuru, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari katika mkoa mzima wa Kaskazini Mashariki. Vita vya shifta, yaani vya serikali na wapiganaji waliotaka eneo hilo liungane na Somalia, vilipokwisha mwaka 1967, hali ya hatari haikuondolewa. Ilidumu hadi mwishoni mwa 1991. Huwa nawaambia wanafunzi wahesabu wenyewe, na wakifika 28 darasa hunyamaza. Ni zaidi ya mara mbili ya umri wao. Mtoto aliyezaliwa Wajir siku ile alikua, akaolewa, akazaa, akiwa bado chini ya sheria ambazo mwenzake wa Kisumu au Nyeri hakuzijua. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa wasidaiwe kwa yaliyotendwa huko wakati wa vita vile. Mwaka 1989, Wakenya Wasomali peke yao walitakiwa kupimwa uraia wao na kubeba kadi ya ziada, juu ya kipande ambacho kila Mkenya hubeba.

Halafu kuna Wagalla. Februari 1984 serikali ilifanya operesheni ya kuwanyang'anya silaha Wadegodia, na sababu iliyotolewa ilikuwa mapigano yao na Waajuran. Wanaume walikusanywa mjini na vijijini, wakapelekwa uwanja wa ndege wa Wagalla, wakawekwa juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Wengi waliuawa pale. Wanafunzi wa umri huu siwasimulii zaidi ya hapo. Badala yake naandika ubaoni namba mbili: 57 na 380. Ya kwanza ndiyo serikali iliyoitaja kwa miaka mingi. Ya pili ndiyo iliyokiri mwaka 2000. Kisha naandika neno moja chini yake, "maelfu", ambalo ndilo wenyeji wanalolisema. Nawauliza: namba za waliokufa zinawezaje kupanda hivi, na nani alikuwa na kalamu? Mazungumzo yanayofuata huwa marefu kuliko nilivyopanga. Huwa nawaeleza pia habari za Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir, ambaye alisaidia kukusanya majeruhi na maiti na kuzitoa habari nje, na ambaye baadaye alifukuzwa Kenya.

Hapo ndipo jibu la swali lao lilipo. Mara ya mwisho serikali ilipokuja kwa nguvu kuamua ugomvi wa Wadegodia na Waajuran, ilikuja na Wagalla. Miaka minane baadaye ugomvi ulipolipuka upya, nani angekwenda kuikaribisha tena?

Moto ulivyowaka

Mambo manne yalikutana mwaka 1991 na 1992. Serikali ya Somalia ilianguka, bunduki zikavuka mpaka zikauzwa kwa bei ambayo kijana mchungaji angeweza kuimudu, na wakimbizi wakaja pamoja nazo. Ukame ukaua mifugo, na mfugaji aliyefilisika huangalia mifugo ya jirani. Hali ya hatari ikaondolewa bila chochote kuwekwa mahali pake. Kisha Desemba 1992 ukaja uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960, na kiti cha Wajir Magharibi, ambacho Waajuran walikihesabu kuwa chao, kikachukuliwa na mgombea wa Degodia.

Watu wengi wanaosimulia kisa hiki hupenda kuanza na uchaguzi, kana kwamba kura ndizo zilizoua. Mimi sikubaliani nao. Kura ilikuwa kiberiti. Nyasi zilikuwa zimeshakauka: malisho yaliyopungua, mipaka ya kale, na miaka 28 ambayo watu hawakupewa nafasi ya kuzoea kumalizana kisiasa bila kuogopana.

Kati ya 1992 na 1995 zaidi ya watu elfu moja walikufa. Wizi wa mifugo, ulipizaji kisasi, uporaji wa magari barabarani, ubakaji. Watumishi waliotoka mikoa mingine, walimu wakiwemo, walihama. Shule zikabaki na madarasa yasiyo na mtu wa kusimama mbele. Huwa nataja hili kwa makusudi, kwa sababu mtoto wa miaka 13 anaposikia "vita" huona bunduki, haoni ubao usioandikwa kitu mwaka mzima.

Chini ya kitanda

Usiku mmoja katikati ya 1993, risasi zilianza kulia karibu na nyumba ya mwanamke aitwaye Dekha Ibrahim Abdi. Alikuwa amezaliwa Wajir mwaka 1964, alikuwa mama kijana. Alimchukua mtoto wake akaingia naye chini ya kitanda, akakaa humo saa kadhaa risasi zikipita. Kulipokucha, mama yake alimkumbusha kwamba mwaka 1966, wakati wa vita vya shifta, yeye naye alijificha hivyo hivyo chini ya kitanda, na mtoto aliyekuwa kifuani pake alikuwa Dekha.

Vizazi viwili, kitanda kimoja. Sijapata mwanafunzi ambaye picha hiyo haikumgusa. Wengine huhesabu tena: kama 1966 na 1993, basi yule mtoto wa tatu atajificha mwaka gani?

Dekha na wenzake, akiwemo Nuria Abdullahi Abdi, walikuwa wameanza kuzungumza. Mazungumzo hayo yalizuka kwenye shughuli ya arusi, mahali ambapo wanawake wa koo tofauti bado waliweza kukaa pamoja bila mtu kuuliza wanapanga nini. Walikuwa wachache sana. Hawakuanza na mkataba, wala hawakuanza na wazee. Walianza na soko.

Kwa nini soko

Hapa ndipo ninapokaa kwa muda mrefu zaidi, na ningewaomba walimu wenzangu wasipaharakishe.

Vita vya koo vilikuwa vimeshafika sokoni. Mwanamke wa ukoo huu hamuuzii wa ukoo ule. Mwingine anauziwa, lakini kwa bei ya kumkomoa. Mwingine anaogopa hata kupita kwenye meza za wenzake. Sasa fikiria biashara yenyewe. Maziwa ya ngamia yameletwa asubuhi kutoka malishoni, jua la Wajir linapanda, na maziwa hayangoji. Aliyeyaleta anahitaji sukari na majani ya chai arudi nayo nyumbani. Mwenye sukari yuko hatua kumi mbele yake na ana mtoto anayehitaji maziwa. Wote wawili wanajua bei, wanajuana majina, pengine mmoja ni shemeji wa mwenzake. Na kila mmoja anarudi nyumbani na bidhaa yake.

Huwa tunaliigiza hili darasani. Naligawa darasa mafungu matatu, nawapa kadi zilizoandikwa maziwa, sukari, majani ya chai, kuni, unga, na kila mmoja anatakiwa kukusanya vitu vinne apate "chai ya nyumbani". Baada ya dakika tano natangaza kwamba fungu la kwanza na la pili wasiuziane. Mwaka huu msichana mmoja mwenye kadi tatu za maziwa alisimama mbele ya mvulana mwenye sukari. Ni majirani, huja shule pamoja kila siku. Mvulana alimwangalia, akaniangalia mimi, kisha akazificha kadi zake nyuma ya mgongo. Hakuna aliyecheka. Nilipowauliza baadaye nani alikuwa adui wa nani, hakuna aliyeweza kunijibu, lakini wote walikuwa wameitii amri.

Wale wanawake wa Wajir walikubaliana jambo moja tu la kuanzia: mwanamke yeyote wa ukoo wowote aje sokoni, auze, anunue, arudi salama. Walilitangaza mdomo kwa mdomo. Kisha wakaweka waangalizi, wanawake wenyewe kutoka koo mbalimbali, waliokaa sokoni kila siku. Mtu akitukanwa kwa ajili ya ukoo wake, akibanwa bei au akinyimwa bidhaa, taarifa ilifika kwenye kamati ndogo na kamati ikaenda pale pale kulimaliza, kabla neno halijafika kwa kaka mwenye bunduki. Katika muda mfupi soko likawa mahali pa kupumulia.

Nadhani watu hawalipi jambo hili uzito linaostahili. Kulinda soko kunaweza kuonekana kazi ndogo ukiilinganisha na vita vya mkoa mzima. Lakini tazama walichochagua. Kilikuwa kitu ambacho kila nyumba ilikihitaji kesho yake asubuhi. Kilikuwa mikononi mwa wanawake, kwa hiyo hawakuhitaji kumwomba mtu ruhusa. Na kilionekana kwa macho: mtu angeweza kusimama kando ya meza za maziwa akajua kama ahadi imetimizwa au haijatimizwa. Mikutano mingi ya amani niliyopata kuhudhuria huishia kwenye maneno ambayo hakuna awezaye kuyapima.

Kuna sababu nyingine, na wanafunzi wasio wafugaji huwa hawaioni mpaka waelezwe. Katika jamii ya Wasomali, mwanamke akiolewa hubaki na ukoo wa baba yake, na watoto anaowazaa ni wa ukoo wa mume. Koo mbili zikipigana, yeye ana kaka upande huu na mwana upande ule. Mwanamume anaweza kushangilia ushindi wa upande wake. Mwanamke aliyeolewa nje hana upande wa kushangilia, maana kila msiba ni wa kwake.

Lakini wasidhani kwamba uanamke peke yake ulitosha. Wapo wanawake waliowachochea wana wao kwa mashairi na kwa maneno ya kuwaita waoga, na Wajir kila mtu analijua hilo. Ndiyo maana waliotaka kujiunga na kundi waliulizwa swali gumu: ukoo wangu ukiwaua ndugu zako, utaendelea kufanya kazi ya amani pamoja nami? Asiyeweza kusema ndiyo alishauriwa asiingie. Swali hilo nalisoma darasani polepole, na siwatazamii wanafunzi wanijibu kwa sauti.

Kutoka sokoni hadi barazani

Soko lilipotulia, wanawake waliona ukomo wa uwezo wao. Mapigano yalikuwa malishoni, na huko waliosikilizwa ni wazee. Kwa desturi, mwanamke hasimami kwenye baraza la wazee akasema. Wangeweza kuipigania nafasi hiyo kwanza. Hawakufanya hivyo. Walitafuta wazee watakaolibeba jambo lao, na hawakuwaendea wa koo kubwa. Walianza kwa wazee wa koo ndogo.

Mzee wa ukoo mdogo hana jeshi. Hakuna anayemwogopa, na hakuna atakayesema kwamba anataka malisho yote yawe yake. Akizungumza katikati ya wakubwa, wakubwa hawapotezi heshima kwa kumsikiliza. Mmoja wao akawa ndiye mwitaji na msemaji, na wale wazee wa koo zilizopigana, ambao hakuna aliyetaka kuonekana ameomba amani kwanza, wakapata mlango wa kuingilia. Ukitaka kuona akili ya kisiasa ya wanawake hawa, iko hapo.

Septemba 1993 wazee walitia sahihi Azimio la Al-Fatah, lililoweka taratibu za kurudisha amani na za kuishi pamoja baada yake. Karatasi peke yake haikuzuia risasi, na mapigano yaliendelea kuzuka hapa na pale. Kilichosaidia ni kwamba palikuwa na watu wa kulifuatilia. Liliundwa kundi la dharura lenye wazee, wanawake, viongozi wa dini na, baadaye, maafisa wa usalama. Likisikia kwamba ngamia wameibwa au mtu ameuawa, huondoka mara moja kwenda huko kabla ya kisasi kupangwa. Vijana wakapata kundi lao la amani, maana wao ndio waliobeba bunduki na walihitaji kitu kingine cha kufanya. Wafanyabiashara wakachangia fedha na kusaidia kutafuta ajira. Waliotoka vitani hawakuhubiriwa tu.

Na serikali? Mwanzoni iliombwa jambo dogo: isiyavuruge yanayofanyika. Ilipofika 1995 makundi yote hayo yaliunganishwa kuwa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, mwenyekiti akiwa mkuu wa wilaya na Dekha akiwa katibu. Wanafunzi hushangaa hapa. Si hao hao wa serikali waliokuwa wakiogopwa? Ndiyo. Lakini angalia mpangilio: serikali iliingia katika nyumba ambayo raia walikuwa wameshaijenga, ikakuta kanuni ziko tayari na watu wa kila ukoo wako ndani. Haikuja kama ilivyokuja 1984. Pale polisi walipochukua bunduki zilizosalimishwa, wazee na wanawake walikuwa wanaona.

Mfano huo ulisambaa wilaya nyingine za kaskazini, na baada ya ghasia za uchaguzi wa mwishoni mwa 2007, makubaliano ya Februari 2008 yalitaka kamati za amani ziwepo katika wilaya zote za Kenya. Dekha mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu watano walioanzisha jitihada za raia za kuzima moto siku zile, pamoja na majenerali wastaafu Daniel Opande na Lazaro Sumbeiywo, George Wachira na balozi Bethuel Kiplagat. Alikuwa amepata Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Yaliyobaki

Ningeweza kuishia hapo, na vitabu vingi vya watoto vinavyotaja Wajir huishia hapo. Lakini swali la kwanza la wanafunzi wangu lilikuwa la haki, na amani hii haikulijibu.

Ndani ya amani yenyewe, chukua diya, ile fidia inayolipwa mtu anapouawa. Kwa desturi inayofuatwa kwenye koo hizo, mwanamume hufidiwa kwa ngamia 100 na mwanamke kwa ngamia 50. Makubaliano ya amani yalizitumia kanuni hizi kwa sababu ndizo watu walizoziheshimu, na bila fidia kisasi kisingekoma. Nalijua hilo na nalikubali. Lakini wanawake ndio waliolianzisha jambo lote, na kwenye hesabu ya mwisho uhai wao ulihesabiwa nusu. Aliyebakwa aliweza kuona kesi yake ikimalizwa na wazee kwa mifugo ambayo hata haikufika mkononi mwake. Darasani wasichana huliona hili kabla sijalitaja. Kuna mwanafunzi aliyetoka katika familia ya wafugaji ambaye alisimama akaitetea diya kwa hoja nzuri, kwamba jela humfunga muuaji na kumwacha yatima bila kitu, lakini ngamia humlisha yatima. Alipoketi, msichana aliyekuwa nyuma yake alimuuliza kama yatima wa mama hula nusu. Niliwaacha wabishane hadi kengele ilipolia, na ninafikiri nilifanya vizuri.

Nje ya amani hiyo lipo deni la serikali. Koo za Wajir zilifidiana, zikapatana, zikarudi sokoni. Wagalla hakuna aliyekuja kuketi na wajane. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliwasikiliza waathiriwa, na ripoti yake ikakabidhiwa mwaka 2013. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba msamaha bungeni kwa niaba ya serikali kwa dhuluma za miaka iliyopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Yule balozi Kiplagat aliyesimama na Dekha mwaka 2008 ndiye aliyeteuliwa kuwa mwenyekiti wa tume hiyo, na mwaka 2010 alikaa kando kwa muda kwa sababu jina lake lilikuwa limetajwa katika masuala ambayo tume ilipaswa kuyachunguza, Wagalla ikiwemo: alikuwa kwenye ujumbe wa maafisa wakuu waliofika Wajir siku chache kabla ya operesheni ile. Mwenyewe alikana daima kwamba alihusika. Sikitumii kipande hiki kumhukumu marehemu. Nakitumia kwa sababu kinawaonyesha wanafunzi kwamba mtu mmoja anaweza kuwa kwenye meza ya amani leo na kwenye swali la haki kesho, na kwamba jema la leo halilijibu swali la jana.

Wala amani ya 1995 haikuwa ya milele. Mwaka 2014 mapigano kati ya ukoo wa Garre na ule wa Degodia mpakani mwa Mandera na Wajir yaliua watu wengi na kuwahamisha maelfu kwa maelfu. Tayari palikuwa na kaunti, bajeti na viti vya kugombea ambavyo kamati ya 1995 haikuwahi kuvijua, na wanasiasa wenye sauti kubwa kuliko mzee wa ukoo mdogo. Kamati za amani zilikuwepo. Nyingi zilikuwa zimegeuka nafasi za posho.

Ninavyokitumia kisa hiki

Vipindi vinne vinatosha kwa shida. Cha kwanza ni ile miaka 28 na namba za ubaoni. Cha pili soko na kadi. Cha tatu wazee, na hapo nawapa kazi ya kuchagua nani kati ya koo tano aalike mkutano, kila ukoo ukiwa na idadi yake ya watu na madai yake. Karibu kila mwaka kundi la kwanza huchagua ukoo mkubwa, linakwama, kisha mtoto mmoja mkimya hutaja ule mdogo.

Kipindi cha nne ni cha diya na Wagalla, na hicho nakifanya asubuhi, wakiwa na nguvu. Simlazimishi mwanafunzi yeyote Msomali kuwa msemaji wa koo zake. Kama anataka kusema, atasema. Yapo madarasa ambamo mtoto mmoja ana babu aliyekuwa uwanjani Wagalla, na huwezi kujua mpaka umeshaanza.

Mwisho wa kipindi hicho huwaomba waandike karatasi moja: kama ungekuwa mmoja wa wale wanawake, mwaka 1993, ungedai Wagalla ilipwe kwanza ndipo ulinde soko, au ungelinda soko kwanza? Mwaka huu darasa liligawanyika karibu nusu kwa nusu. Yule msichana wa kadi za maziwa aliandika kwamba angelinda soko kwanza kwa sababu maziwa yanaharibika, halafu akapigia mstari maneno aliyoyaongeza chini: lakini ningewaandikisha majina waliokufa, kila mmoja, wakati tunasubiri.